Hasara ya kiwanja na kodi ya kuuza nyumba

Dada, umeuliza kama hasara uliyopata ulipouza kiwanja cha Kitengela inaweza kupunguza kodi utakayolipa serikalini ukiuza nyumba ya Ruiru. Ndiyo, inaweza. Sheria ya Kenya inaruhusu hasara ya kuuza mali kukatwa kwenye faida ya kuuza mali nyingine, mwaka huohuo au miaka inayofuata. Kwenye mshahara au biashara haiingii.

Chukua hesabu zako. Kiwanja ulinunua milioni 4.8, ukauza milioni 4: hasara 800,000. Nyumba ulinunua milioni 7, mnunuzi anatoa 9.5. Ukiondoa 300,000 za wakili, ushuru wa stempu na mthamini, faida ni milioni 2.2. Toa ile hasara, inabaki milioni 1.4. Kodi ya asilimia 15 ni 210,000 badala ya 330,000.

Lakini kabla ya yote, nani anaishi kwenye nyumba hiyo? Kama ni makazi yako mwenyewe, na umekaa humo mfululizo miaka mitatu kabla ya kuuza, faida yake haitozwi kodi hii. Hapo usiiguse hasara, itunze kwa mauzo mengine. Kama wamo wapangaji, msamaha huo huna.

Tafadhali tafuta karatasi za kiwanja leo: mikataba yote miwili, taarifa za benki, risiti ya stempu. Hasara isiyo na ushahidi KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wataikataa, na 120,000 ni pesa nyingi mno kupotea kwa sababu ya risiti.