Watu wanaingia wengi, rafu za nyuma haziuzi: shika penseli kabla ya kushusha bei

Mkuu, umesema kihesabio cha mlangoni kinaonyesha watu wengi ila rafu za nyuma zimedoda, na sasa unataka kushusha bei. Subiri kwanza. Ripoti ya mauzo haitofautishi bidhaa iliyokataliwa na ile ambayo hakuna aliyeifikia. Zote zinasoma sifuri.

Chora ramani ya duka, rafu zote na kaunta, utoe nakala kama 50. Kila mteja nakala yake. Mfuate kwa macho tangu mlangoni. Alikopita, piga mstari. Akisimama zaidi ya sekunde 5, weka nukta. Akishika bidhaa, msalaba. Akiitia kikapuni, duara. Usichague wateja, chukua kila wa 5 anayeingia, maana jicho hupenda kumkimbilia anayezunguka sana. Gawanya kazi kati ya asubuhi, jioni na wikiendi. Na kaa mbali: akihisi anafuatwa ataharakisha, na karatasi hiyo ni ya kutupa.

Kisha zilinganishe. Mistari ikiishia katikati ya duka, tatizo ni njia: kitu kimeziba, kuna giza, au wanachokifuata kila siku kiko mbele kwa hiyo hawana sababu ya kuendelea. Ikifika nyuma lakini hakuna nukta, bidhaa haionekani. Kagua kimo cha rafu na mwanga. Nukta bila misalaba mara nyingi ni bei isiyobandikwa au bidhaa isiyofikika. Misalaba bila duara, hapo ndipo bei inaingia kwenye mashaka.

Tazama pia upana wa njia. Mtafiti wa Marekani, Paco Underhill, alibaini kwamba mnunuzi anayekumbwa kwa nyuma na wapita njia huacha alichokuwa anakitazama. Maboksi ya mzigo mpya yaliyoachwa chini yanatosha kuleta hali hiyo.

Kihesabio nacho usikiamini sana. Kinahesabu wafanyakazi wako wanaotoka na kurudi, na familia ya watu 4 yenye risiti moja kinaiona wateja 4. Kamera zinazopaka rangi kwenye picha ya duka kuonyesha penye watu wengi nazo zina lao: penye wekundu mkali kuliko pote mara nyingi ni foleni ya kulipa!

Ukishajua pa kugusa, badilisha kitu kimoja tu, kisha rudia karatasi kwa saa zilezile na siku zilezile. Ukihamisha rafu na kushusha bei wiki moja, hutajua kipi kimeuza.