Usiuze pikipiki kwanza

Mdogo wangu wa Majengo, umeuliza kama uuze bodaboda uishi kwa mchezo wa vishale (darts), maana hapo baa hakuna anayekufunga. Usiuze. Mwingereza Luke Littler alitwaa ubingwa wa dunia wa vishale Januari 2025 akiwa na miaka 17, akabeba pauni 500,000. Lakini kadi za kucheza ziara ya PDC, shirika la vishale vya kulipwa, ni 128 tu, na nauli ya Dodoma mpaka Uingereza unaijua. Chukua futi ya kupimia: katikati ya ubao mita 1.73 kutoka sakafuni, mstari wa kurushia mita 2.37 kutoka uso wa ubao (baa nyingi hupima kwa macho). Anza na pointi 501, punguza mpaka sifuri, kishale cha mwisho kiingie dabo (pete nyembamba ya nje), bila bia wala wapambe. Hesabu vishale. Ukimaliza kwa vishale 15 mara kwa mara, ndipo tuongee habari ya pikipiki.