Ndugu yako akianza mionzi: sehemu ya kazi iliyo mikononi mwenu

Tangu nimsindikize shangazi yangu Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi, haipiti muda mrefu kabla mtu hajanipigia simu: "Dada, mama kapangiwa mionzi, tufanyeje?" Anayepiga huwa ameshajazwa maneno. Ameambiwa mionzi inaunguza watu, mgonjwa hatakiwi kubeba wajukuu, aliyeanza mionzi hamalizi mwaka. Kwenye simu huwa najibu haraka haraka, kwa hiyo leo nayaandika kwa utulivu. Mimi si daktari. Nilikaa kwenye yale mabenchi wiki baada ya wiki, nikauliza, nikajibiwa na watu wanaoijua kazi yao.

Kubwa kuliko yote nililoelewa pale ni kwamba mgonjwa wa mionzi anatibiwa kwa kufuata picha. Kabla hajaanza tiba, analazwa kwenye mashine ya CT na kupigwa picha nyingi zinazomkata vipande vyembamba tangu kiunoni hadi mapajani. Juu ya kila kipande daktari anachora mipaka: uvimbe huu hapa, kibofu hiki hapa, utumbo, njia ya haja kubwa, vichwa vya mifupa ya paja. Kisha mtaalamu wa fizikia ya tiba anapiga hesabu mionzi iingie kwa pande zipi na kwa kiasi gani, ili uvimbe upate dozi kamili na jirani zake wapate kidogo iwezekanavyo. Mashine nyingine zina uwezo wa kupiga picha fupi ya kuhakiki kabla ya dozi, lakini hesabu inayofuatwa ni ile ya mwanzo. Kwa hiyo kila siku ya matibabu mwili wa mgonjwa unatakiwa ufanane na ulivyokuwa siku ya picha. Hapo ndipo mgonjwa na ndugu zake wana kazi ya kufanya.

Kabla ya hatua hiyo kuna vipimo, na foleni yake inachosha. Kwanza majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe na kupelekwa maabara. Bila majibu ya maabara yanayosema hii ni saratani na ni ya aina gani, hakuna atakayekuwekea mionzi, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kuna altrasaundi ya tumbo, na hapa watu hushangaa: kwa nini waangalie figo wakati ugonjwa uko kwenye kizazi? Ni kwa sababu uvimbe wa mlango wa kizazi ukikua pembeni unaweza kubana mirija inayoshusha mkojo, figo zikaanza kujaa. Kuna vipimo vya damu vya kuangalia figo zinavyofanya kazi, kwa kuwa dawa ya dripu inayotolewa mara moja kwa wiki sambamba na mionzi ni kali kwa figo. Kuna kipimo cha VVU pia. Mama anayetumia ARV asizikatishe hata siku moja kwa kudhani zitagongana na mionzi. Amweleze daktari anatumia nini, basi.

Wingi wa damu nausemea peke yake. Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu wanafika wametokwa damu kwa miezi, wamepauka. Mionzi inahitaji oksijeni ndani ya uvimbe ili iharibu seli vizuri, na mwenye damu kidogo anafikisha oksijeni kidogo. Ndiyo maana madaktari hupenda hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, iwe angalau 10 kabla na wakati wa tiba. Mkiambiwa mgonjwa aongezewe damu, msichukulie kama kikwazo kingine cha kuwachelewesha. Ni sehemu ya matibabu. Wajomba na binamu wenye afya waende wakachangie.

Kuhusu hofu ya picha zenyewe sitakaa sana. Altrasaundi na MRI (ile picha ya sumaku) hazitumii mionzi ya aina hii kabisa. Eksirei ya kifua ni karibu milisivati 0.1 (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), wakati binadamu kwa wastani anapata kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, bila kukanyaga hospitali. CT ya tumbo na nyonga ni kubwa zaidi, huweza kufika 10, kwa hiyo haipigwi bila sababu. Kwa mgonjwa wa saratani sababu ipo. Lililo muhimu ni kuepuka kurudia picha ambayo tayari ipo. Shangazi alipigwa CT katika hospitali moja ya mkoani, tukapewa karatasi ya majibu tu, picha hazikuhifadhiwa popote. Ilibidi apigwe tena. Ukipimwa popote, omba CD ya picha siku hiyo hiyo, kabla hujaondoka dirishani. Na mama mwenye umri wa kuzaa aseme mapema kama kuna uwezekano wa ujauzito.

Sasa ile siku ya picha ya kupangia tiba. Kitanda ni kigumu na bapa, kwa sababu ndivyo kilivyo kile cha mashine ya tiba. Taa za leza kutoka ukutani na darini zinakatiza juu ya ngozi, na pale zinapokutana mtaalamu anaweka alama: moja chini ya kitovu, mbili ubavuni, kila upande moja. Kwingine wanachanja nukta ndogo isiyofutika, kwingine wanachora kwa wino. Kama ni wino, ulindeni. Aoge, lakini asisugue hapo kwa dodoki, na zikianza kufifia msizikolezee nyumbani kwa kalamu. Waambieni wahudumu wazirudishie. Nusu sentimita inaonekana kitu kidogo, ila kibofu na uvimbe vimetenganishwa na kiasi kama hicho hicho.

Kibofu ndicho kilichotupa kazi. Shangazi alielekezwa kwenda haja ndogo kwanza, kisha anywe nusu lita ya maji na kusubiri kama dakika 45 ndipo aingie. Kibofu kikijaa, kinasukuma utumbo juu utoke kwenye njia ya mionzi, na kizazi kinakaa pale pale kilipokuwa kwenye picha. Akiingia na kibofu kitupu, utumbo unashuka ndani ya eneo linalopigwa, na hapo ndipo kuhara kunapozidi. Shida ni foleni. Unaweza kunywa maji saa mbili asubuhi ukaitwa saa tano. Tulichofanya ni kuuliza mapokezi mbele yetu wamebaki wangapi na kila mmoja anachukua muda gani, ndipo tunaanza kuhesabu. Akizidiwa kabla ya kuitwa, anakwenda kukojoa na kuanza upya, na mimi nawaambia wahudumu wampitishe mwingine kwanza. Hawakukasirika hata siku moja. Yule binti wa kwenye mashine alikuwa anamuuliza kila asubuhi, "Bibi, kibofu kikoje leo?" Naye shangazi, mtu wa Njombe asiyezungumzia mambo hayo mbele ya watu, baada ya wiki ya kwanza alikuwa anajibu bila haya, "Kimejaa mwanangu, nipeleke upesi."

Chakula nacho kinaingia humo humo. Choo kigumu kinavimbisha njia ya haja kubwa na kusukuma kizazi mbele. Akiwa anafunga choo, mwambieni daktari mapema. Na mwili usipungue sana. Mtu akikonda, ngozi yenye alama inahama, na hesabu inaweza kulazimika kurudiwa. Uji wa lishe, mayai, samaki, supu, chochote anachokipenda kinachokaa tumboni.

Chumba cha mashine kina kuta nene za zege na mlango mzito, na wahudumu wote wanatoka kabla haijawashwa. Hapa ndipo wengi wanaogopa: kama ni salama, mbona wanakimbia? Wanatoka kwa sababu wao wangekuwa humo kwa kila mgonjwa, mchana kutwa, mwaka mzima, bila faida yoyote kwao. Wanamwona mgonjwa kwenye kamera na wanamsikia akiita. Mionzi haiumi wala haina joto, na dakika chache imekwisha. Mashine za kobalti, madini yanayotoa mionzi yenyewe, zina chanzo ambacho kikimaliza kazi kinarudi kwenye ngao yake ndani ya kichwa cha mashine. Zile za kisasa za umeme, zikizimwa, mionzi inakoma saa hiyo hiyo. Mgonjwa anatoka hana mionzi ndani yake. Alale na mjukuu, ale sahani moja na nyumba nzima. Wanaotakiwa kujitenga kwa siku kadhaa ni watu kama wale waliomeza iodini ya mionzi kwa ajili ya tezi ya shingo, na hayo ni matibabu mengine.

Mpango wa kawaida kwa ugonjwa huu ni kama grei 45 hadi 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), zikigawanywa katika vipande 25 au zaidi kidogo, kimoja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa nini wasimpige yote mara moja akarudi kwao? Kwa sababu kati ya dozi na dozi seli zenye afya zinapata muda wa kujirekebisha, na seli za saratani ni dhaifu katika kujirekebisha huko. Lakini saratani nayo inatumia kila nafasi inayopewa. Matibabu yakivutwa, seli zilizobaki zinazaliana kati ya dozi. Wataalamu wanataka yote, haya ya nje na yale ya ndani nitakayoyaeleza chini, yamalizike ndani ya wiki 8. Kwa hiyo msiba wa mbali, harusi, mahindi ya kuvuna, vyote hivyo vitafutiwe mtu mwingine. Najua si rahisi. Wanaotoka mikoani wanapambana na pa kulala na nauli ya kila siku hadi Kivukoni hospitalini. Ongeeni na ustawi wa jamii siku ya kwanza kabisa, pesa zikiwa bado hazijaisha.

Mashine nayo inaweza kuharibika. Mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika moja kwa moja, na Uganda ikakaa zaidi ya mwaka bila nyingine. Baadhi ya wagonjwa walivuka mpaka kwenda Nairobi. Likitokea kwenu, hata kwa siku mbili tatu, ulizeni kwa adabu lakini mpate jibu: siku hizi zitafidiwa vipi? Njia zipo. Inawezekana kuja Jumamosi, au kupewa dozi mbili siku moja zikipishana angalau saa 6, au kuhamishiwa mashine nyingine. Daktari ndiye anayechagua, ila swali liwe limeulizwa.

Katikati ya safari mgonjwa atachoka. Kuhara na mkojo kuchoma huwa vinaanza wiki ya pili au ya tatu. Wekeni ORS nyumbani, punguzeni maharage na mboga zenye nyuzi nyingi kwa muda, mwambieni muuguzi hata kama ni aibu. Ngozi kwenye mikunjo inaweza kuwa nyeusi na kuchubuka: maji ya uvuguvugu, khanga ya pamba isiyobana, basi. Msipake mafuta ya mitishamba wala chochote chenye manukato. Nimeona mwanamke aliyelazimika kusimamishwa tiba kwa sababu ya majani aliyopakwa na jirani mwenye nia njema.

Sehemu ambayo watu hukimbia ni mionzi ya ndani. Mgonjwa amemaliza ile ya nje, damu imekata, anajisikia vizuri, anataka kwenda nyumbani. Asiende! Mionzi ya nje peke yake haifikishi dozi ya kutosha kwenye mlango wa kizazi bila kuumiza kibofu na utumbo. Kwa hiyo vifaa vyembamba vinaingizwa kupitia ukeni, kisha chanzo kidogo cha mionzi kinatembea ndani yake kwa dakika chache na kurudi kwenye kasha lake. Mionzi yake inapungua nguvu haraka kadiri inavyotoka mbali, ndiyo maana uvimbe unapata kingi na majirani kidogo. Kuingiza vile vifaa hakupendezi, sitadanganya. Ulizeni mapema kuhusu dawa ya maumivu au usingizi. Shangazi alishikwa mkono na muuguzi mwanzo hadi mwisho, akasema kilichomsumbua zaidi ni baridi ya chumba.

Baada ya hapo yapo mambo ambayo hayasemwi nyumbani kwa sauti. Uke unaweza kukaza na kukauka, na mama ambaye alikuwa bado anaona siku zake atazikosa moja kwa moja. Kuna vifaa vya kutanulia na ushauri wa lini kurudi kwa mume. Mwanamke amuulize mwanamke mwenzake wa idara ile, faragha ipo. Waume nao waitwe waelezwe, wasije wakadhani mke amewakataa.

Siku ya kuruhusiwa ombeni muhtasari wa matibabu kwa maandishi: eneo lililopigwa, jumla ya grei za nje, idadi ya vipande, dozi ya ndani, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Upigeni picha kwa simu, nakala abaki nayo mtoto wa mjini, karatasi yenyewe ikae na kadi za kliniki. Miezi au miaka baadaye damu ikionekana kwenye choo au mkojo, daktari wa wilayani anatakiwa ajue kwamba nyonga hiyo ilishapata mionzi kabla hajakata kinyama au kuagiza matibabu mengine. Na kama itabidi mionzi mingine itolewe karibu na hapo, bila zile namba hakuna anayeweza kupiga hesabu.