Goti la Mtoto Si Donge la Unga

Barua za wiki hizi zimekuwa za jambo moja: mtu kapigwa eksirei, daktari kaona kitu kwenye mfupa, kamwambia kuna vipimo zaidi asubiri. Nimechagua sita.

Assalamu alaykum Bi Muuguzi. Mwanangu ana miaka 14, goti limevimba tangu alipoanguka mpirani miezi miwili iliyopita. Baada ya eksirei tumeambiwa tuvuke Dar kwa MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) na kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa). Bibi yake anasema kwanza akandwe na afanyiwe hijama. Nishike lipi? (Mama, Mkoani)

Waalaykum salaam, mama. Asikandwe. Asifanyiwe hijama juu ya goti hilo, asichanjwe chale, asichomwe moto, asifungwe vibanzi na muunga mifupa. Hata mafuta ya kuchua yaweke kabatini. Bibi namheshimu, na mikono yake bila shaka imewatuliza wengi walioteguka. Lakini goti lililoteguka hupungua siku hadi siku. Goti linalozidi kujaa baada ya wiki kadhaa, na linalomwamsha mtoto usiku wakati kalala tu, hilo lina jambo jingine.

Kuna saratani ya mfupa iitwayo osteosakoma. Huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka, na mahali inapopenda kukaa ni hapo hapo jirani na goti, mwisho wa mfupa wa paja au mwanzo wa muundi. Sisemi kwamba mwanao anayo. Uvimbe mwingi wa mifupa si saratani kabisa. Usaha ndani ya mfupa nao hujifananisha nayo, na kifua kikuu cha mfupa vile vile. Kama ana selimundu waambie madaktari mapema, kwani watoto hao hupata usaha wa mfupa kwa wepesi. Kinachotafutwa sasa ni jina la ugonjwa, na vidole havilijui jina hilo. Wanachoweza kufanya wakandaji ni kuuvunja mfupa uliokwisha liwa ndani, kuuvujisha damu uvimbe, au kuingiza vijidudu kwa wembe.

Nimewapokea wodini watoto wenye chale mbichi juu ya uvimbe. Daktari anauliza, "Umeanza lini?" na mama anatazama sakafu. Miezi ile iliyopotea ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Na mpira usiulaumu. Kuanguka hakuoteshi uvimbe, kunawafanya tu watu walitazame goti. Yule kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekuja kukimbia na mguu wa bandia kuchangisha fedha za utafiti wa saratani, alipata ajali ya gari mwaka 1976 na maumivu ya goti akayadhania ya ajali. Mwaka 1977 ikagundulika ni osteosakoma, naye ana miaka 18. Vukeni, mama. Ndugu wakikuuliza, waambie waichangie nauli ya boti.

Kipimo cha damu hakitoshi kujua kama ni saratani ya mfupa? (Msomaji, Fuoni)

Hakitoshi.

Nimekutumia eksirei ya mkono wa dada yangu kwa simu. Niambie tu, ni saratani au siyo? (Msomaji, Wete)

Hii ni mara ya ngapi naandika? Eksirei iliyopigwa picha kwa simu, imeshikwa dirishani, ina kivuli cha kidole katikati, haimfai mtu yeyote. Hata eksirei nzuri haimalizi kesi: humwonesha daktari kama uvimbe una ukingo safi au unakula mfupa ovyo, kisha humwelekeza kwenye kipimo kinachofuata. Chukueni ile filamu yenyewe, au CD mliyopewa, mwende nayo kila mtakakoelekezwa. Na usiisambaze kwenye magrupu. Ule ni mwili wa dada yako.

Nasikia ukichomwa sindano ya kuchukua kinyama, saratani inapata upepo na kusambaa. Nikatae? (Msomaji, Bububu)

Usikatae. Bila kinyama hakuna atakayekupa dawa ya saratani, wala hakuna atakayekuvua wasiwasi kama si saratani.

Ila uvumi huu una punje ya kweli ndani yake, na punje hiyo ndiyo watu hawaambiwi. Njia inayopita sindano huweza kubaki na chembe za uvimbe, hivyo daktari wa upasuaji huja kuikata njia hiyo pamoja na uvimbe wenyewe. Sindano ikipitishwa mahali pabaya, au mtu akipasua tu "tuone kuna nini", mguu uliokuwa uokolewe unaweza kuishia kukatwa. Kwa hiyo MRI itangulie, na kinyama kichukuliwe na yule yule atakayepasua, au kwa kushauriana naye. Uliza waziwazi: "Daktari, wewe ndiye utakayenifanyia operesheni?" Si utovu wa adabu. Mguu ni wako.

Mume wangu ana miaka 63. Ameonekana na doa kwenye mfupa wa nyonga. Ndiyo hiyo osteosakoma? (Bi Asha wa Jang'ombe, si jina langu)

Katika umri wake hilo si la kwanza kufikiriwa. Baada ya miaka 40, saratani inayoonekana mfupani mara nyingi imehamia kutoka kwingine: tezi dume, mapafu, figo, na kwa wanawake titi. Basi asione haya akiulizwa kuhusu mkojo, na asikatae kupimwa tezi dume. Akishindwa ghafla kusimama au kuzuia haja, msingoje tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Binti yangu wa miaka 16 alichukuliwa kinyama, sasa wiki ya pili hatujapata majibu. Silali. Yeye tumemwambia ni jipu. Tumefanya sawa? (Baba, Chake Chake)

Pole sana, baba. Majibu ya mfupa hukawia kwa sababu mfupa ni mgumu. Lazima ulowekwe kwenye dawa ya kuulainisha kwa siku kadhaa ndipo ukatike vipande vyembamba vya kutazamwa kwa darubini. Kukawia si dalili ya ubaya.

Lakini la jipu, hapana. Msichana wa miaka 16 anawaona mnavyonong'ona jikoni, naye usiku yuko peke yake na anayoyafikiria. Mwambie: kuna uvimbe, hatujui ni nini, tunangoja, na kila tutakachoambiwa utaambiwa. Maumivu asiyavumilie, apewe dawa alizoandikiwa. Kama ni mguu, atembelee magongo na asibebe ndoo ya maji, maana mfupa dhaifu huvunjika kwa jambo dogo.

Na wewe usikae ukingoja simu. Nenda na namba ya sampuli, uliza imefika maabara gani, na uliza kama eksirei yake ilipelekwa pamoja nayo, kwani msomaji wa kinyama cha mfupa anahitaji kuiona picha. Kama haikupelekwa, ipeleke kesho asubuhi. Nenda na binti, akitaka.