Simba hajui kwamba unaigiza

Wadogo zangu mlioingia kundini mwezi huu, karibu kila mmoja wenu ameniuliza swali moja kwa maneno yake: nitakariri vipi mistari isinipotee mbele ya watu? Ni swali la haki na nitalijibu. Lakini kwanza niwasimulie habari za mwigizaji mmoja Mwingereza ambaye kazi ilimleta hapa kwetu, chini ya Mlima Kenya. Simba walimfundisha kwa miezi michache jambo lililonichukua mimi miaka sita.

Anaitwa Virginia McKenna. Alizaliwa London mwaka 1931, akakulia kwa muda Afrika Kusini enzi za vita, kisha akarudi Uingereza na kusomea uigizaji katika Central School, chuo ambacho wakati huo madarasa yake yalikuwa ndani ya Royal Albert Hall. Alipomaliza hakukimbilia sinema. Alikwenda Dundee, Uskochi, akafanya kazi miezi sita katika jumba la maonyesho la mji ule. Majumba ya namna hiyo yalikuwa na ratiba ya kuchosha: usiku mnaonyesha mchezo huu, mchana mnafanyia mazoezi ule unaofuata, na mkishamaliza mnaanza mwingine. Nyinyi mtakaozunguka nasi kwenye shule kuigiza vitabu teule mtaijua hali hiyo. Asubuhi Thika, saa nane mchana Murang'a, maleba bado yana jasho la onyesho la kwanza. Msiione ni kazi ya kupitisha muda mkisubiri mambo makubwa. Huko ndiko sauti inakokomaa, na huko ndiko mnakojua mwili wenu unafanya nini ukichoka.

Mwaka 1951 alikuwa tayari kwenye majukwaa ya London. Katikati ya miaka ya hamsini alikuwa Old Vic, jumba maarufu la maonyesho la London, akiigiza Rosalind wa Shakespeare, na mwaka 1956 filamu ya A Town Like Alice, kuhusu wanawake waliotembezwa na Wajapani kule Malaya wakati wa vita, ikampa tuzo ya akademia ya filamu ya Uingereza, ambayo leo inaitwa BAFTA. Miaka miwili baadaye akaigiza Violette Szabo, mwanamke jasusi aliyeuawa na Wanazi. Nayapitia haya haraka kwa sababu mtayapata popote. Ninalotaka mlione liko kwenye filamu ambayo wengi huiruka.

Mwaka 1955 McKenna alikuwa kwenye filamu iitwayo Simba, pamoja na Dirk Bogarde. Inahusu Kenya wakati wa Mau Mau, na imeelezwa kwa jicho la walowezi. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika Pinewood, studio iliyo karibu na London, huku picha za mandhari zikichukuliwa huku kwetu na kuunganishwa baadaye. Nimeitazama mara mbili. Waigizaji wanajitahidi, na Earl Cameron ana uzito wake kabisa, lakini nchi yenyewe imekaa nyuma yao kama kitambaa kilichotundikwa. Hakuna anayekanyaga udongo wetu. Hakuna anayetolewa jasho na jua letu. Mwigizaji hodari amewekwa mahali ambapo hana cha kujibu, na mtazamaji wa Nyeri au Isiolo analiona hilo hata kama hajui kuligeuza maneno.

Sasa wekeni filamu hiyo kando ya Born Free, iliyotoka mwaka 1966. Mwigizaji ni yule yule, nchi ni ile ile.

Kisa mnakijua. George Adamson, msimamizi wa wanyamapori, na mkewe Joy walimlea Elsa, mtoto wa simba, baada ya George kumuua mama yake mwaka 1956, kisha wakamfundisha kuwinda ili arudi porini kule Meru. McKenna aliigiza Joy, na mumewe wa kweli, Bill Travers, akaigiza George. Walipiga kambi Naro Moru mwaka 1964, na George Adamson mwenyewe akawa mshauri wao. Mwanzoni waliletewa simba wa sarakasi, waliozoea kutii amri. Ungedhani hao ndio wangefaa zaidi, lakini sivyo ilivyokuwa. Simba anayesubiri amri humtazama aliyeishika fimbo. Hamtazami mwanamke anayedai kuwa mama yake. Basi wakageukia wengine ambao hawakufundishwa michezo. Kati yao walikuwapo Boy na dada yake Girl, waliokuwa wanyama wa heshima wa Scots Guards, kikosi cha jeshi la Uingereza kilichokuwa Kenya, na Ugas, aliyetoka Nairobi.

Na hapa ndipo nawaomba mtulie. Kabla ya kamera kuwashwa, kazi ya McKenna na Travers ilikuwa kutembea. Asubuhi wanatoka na simba, wanazunguka mbugani, wanakaa nao, wanajifunza sikio likilala maana yake nini na mkia ukitulia maana yake nini. Hawakuweka watu wengine wasimame badala yao kwenye picha za hatari. McKenna alivunjika kifundo cha mguu akiwa na simba mmoja siku za mwanzo. Alipopona, alirudi kwao.

Simba hajui kwamba unaigiza. Hana habari na mstari wako, wala hasubiri umalize ndipo naye atende. Ukijifanya mtulivu huku unatetemeka, ananusa woga. Kwa hiyo McKenna hakuwa na njia ila moja: kumtazama kweli, kumsikia kweli, na kumjibu kwa alichofanya wakati huo, si kwa kilichoandikwa. Itazameni tena ile filamu, sauti mkiizima. Tazameni macho yake tu. Kila mara yanaenda kwa mnyama kwanza, ndipo yanarudi kwa binadamu. Hakuna mwalimu anayeweza kukupangia jambo hilo.

Mimi nilikuwa mwaka wangu wa sita jukwaani nilipoelewa. Tulikuwa kwenye ukumbi wa shule moja ya wasichana, wanafunzi wamejaa hadi madirishani. Dada niliyeigiza naye alikuwa mama yangu katika mchezo, na siku hiyo alikuja na homa. Katikati ya onyesho letu kubwa kikombe cha udongo kikamponyoka, kikapasuka pale miguuni pangu. Aliinama kuokota vipande, mkono ukitetemeka. Mimi nilikuwa nasubiri neno lake la mwisho ili niseme mstari wangu. Alipolitamka, nikaviruka vile vipande nikaenda mbele ya jukwaa, nikasema niliyokariri, kila neno mahali pake. Ukumbi ulinyamaza, na haukuwa unyamavu mzuri. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa si amsaidie mamake."

Sikukosea hata neno moja siku ile, na onyesho lilikufa mikononi mwangu. Ndilo jibu langu kuhusu kukariri. Karirini, tena mapema, hadi mistari ikae mdomoni kama jina lenu. Lakini mkariri ili muwe huru kumtazama mwenzenu. Mkiwa mbioni kutafuta neno lijalo, mama anaokota vigae peke yake.

Kuna jambo lingine katika filamu ile ninalowadai, hasa nyinyi. Akina Adamson walikuwa na wasaidizi Waafrika, Nuru na Makedde. Nuru aliigizwa na Peter Lukoye, na Makedde akaigizwa na Omar Chambati. Wengi wenu, kampuni ya nje ikija, mtaanzia kwenye nafasi za namna hiyo: mistari michache, kusimama pembeni, kubeba kitu. Nuru wa kweli ndiye aliyewatunza wale watoto wa simba, Elsa na dada zake wawili, siku kwa siku. Mkipewa nafasi ndogo, msiiigize kwa udogo. Jiulizeni mtu huyu ameamka saa ngapi, amelisha nini, mkono wake una alama gani. Na malipo na jina lenu kwenye orodha ya waigizaji viandikwe kabla hamjapanda gari kwenda kwenye seti. Nimeona vijana wakilia baadaye.

Filamu ilipokwisha, ilifanikiwa sana. Muziki wa John Barry ulipata Oscar mbili. Na simba? Wengi wao walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Filamu nzima inasema mnyama aachwe huru, na waliomwigiza wakaishia nyuma ya vyuma. Ni watatu tu waliobaki na George Adamson: Boy, Girl na Ugas, akawapeleka Meru kuwafundisha maisha ya porini. Nalo halikuwa jambo la hadithi tamu. Mwaka 1971, kule Kora alikohamia George baadaye, Boy alimuua Mwafrika mmoja aliyekuwa msaidizi wa George, na George akalazimika kumpiga Boy risasi. Kila nikisikia watu wakiisifu filamu ile namkumbuka mtu huyo, na nataka nanyi mkumbuke kwamba alikuwapo.

McKenna angeweza kuchukua sifa na kuendelea na filamu nyingine. Wengi wangefanya hivyo. Yeye na Travers walirudi Kenya kutengeneza filamu ndogo Tsavo, na mwenzao humo alikuwa ndovu mchanga wa kike aliyeitwa Pole Pole. Alikuwa ametolewa porini awe zawadi ya serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Kazi ilipokwisha waliomba wamnunue abaki Tsavo, kwa David na Daphne Sheldrick, waliokuwa wakilea ndovu yatima huko. Wakaambiwa inawezekana, ila atakamatwa mwingine badala yake. Wakakataa, na Pole Pole akapelekwa London.

Mwaka 1982 walikwenda kumwona. Miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita. Alikuwa upande wa pili wa uwanja wake wa saruji. Wakamwita kwa jina lake, hilo jina letu la Kiswahili, na yule ndovu akaja hadi ukingoni akaunyosha mkonga, nao wakanyosha mikono hadi ncha ya mkonga na vidole vikagusana.

Walipigania atolewe pale. Mwaka 1983, katika harakati za kumhamisha, alianguka na baadaye akafa, akiwa na umri wa miaka kumi na sita hivi, na ndovu anaweza kufika sitini. Mwaka uliofuata McKenna, Travers na mtoto wao Will wakaanzisha shirika la kutetea wanyama waliofungiwa, ambalo baadaye likaitwa Born Free Foundation. Mwaka huo huo wa 1984 McKenna alikuwa pia jukwaani na Royal Shakespeare Company akiigiza Gertrude, mama yake Hamlet. Miaka mitano nyuma alikuwa amepata tuzo ya juu ya majukwaa ya London kwa The King and I, akiigiza na Yul Brynner katika ukumbi wa Palladium. Sanaa hakuiacha. Ila kuanzia Pole Pole, mkono mmoja ulikuwa kwenye sanaa na mwingine kwa wale alioigiza nao. Mwaka 2023 alipopewa heshima ya Dame, cheo cha kifalme cha Uingereza, akiwa na miaka 91, sababu iliyotajwa ilikuwa wanyama.

Kundini kwetu jambo hili linatuhusu moja kwa moja, maana michezo yetu ya asili tunaitoa kwa watu. Tunakwenda mtaani, tunakaa na mama fulani, anatueleza maisha yake, tunarekodi kwenye simu. Kisha tunaandika mchezo, tunapigiwa makofi.

Miaka kadhaa iliyopita tulifanya mchezo kuhusu nyumba zilizobomolewa alfajiri. Mama mmoja alitupa kisa chake chote, akatupikia na chai. Tukaonyesha mara kumi na nne. Mimi ndiye niliyeongoza. Kila usiku mwigizaji wetu aliingia amebeba godoro kichwani, na kila usiku watu walilia. Hakuna aliyerudi kumwambia yule mama. Nilikuwa najiambia niko kazini.

Nilipokuja kusoma habari za Pole Pole, nikaona haya. Nikamtafuta. Alikuwa amehamia mbali kidogo, chumba kimoja, anauza mboga mlangoni. Nilimpelekea sehemu ya mapato ambayo tungepaswa kumpa tangu mwanzo, nikamwonyesha picha za onyesho kwenye simu. Alizitazama kimya, moja baada ya nyingine, akairudia ile ya godoro.

"Huyu ndiye mimi?" akauliza.

Nikamwambia ndiye.

Akaiweka simu chini, akasimama, akaingia ndani. Alitoka na godoro lenyewe, lililokunjwa na kufungwa kamba. Hakuwa amelibeba kichwani. Alikuwa amelikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, kidevu juu yake, kwa sababu asubuhi ile, akanieleza, ndani ya mkunjo alikuwa ameficha vitabu vya watoto na sufuria mbili, na angeliweka kichwani vingeanguka.