Harufu ya AC kwenye boti

Ndugu, hiyo harufu ya nguo zilizolala na maji unayosema inakupokea kila ukiwasha AC kabini, mara nyingi inatoka kwenye trei ya maji chini ya koili, yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa. Zima umeme, fungua, mulika tochi: utakuta utelezi mweusi na tundu la kutolea maji limeziba. Sugua kwa maji ya sabuni, pangusa kwa siki, zibua mpira wa kutolea maji, osha na chujio la hewa. Siki na jiki usichanganye kabisa, zinatoa gesi ya sumu. Halafu fuata mpira unaishia wapi! Mpira huo ukimwaga maji ngamani, yaani chini kabisa ya boti panapotuama maji, AC itavuta uvundo wa ngama na kukupulizia usoni. Wangu niliupeleka kwenye kitangi chenye pampu, harufu ikakatika.