Gari la Mzee, Injini ya Kijana

Maswali mliyonitumia safari hii yamefanana. Gari la zamani liko uani, bodi bado nzima, injini imechoka, na mwenyewe anataka kuingiza ya kisasa zaidi kwa mikono yake bila kulipeleka gereji. Hamu hiyo naielewa. Ila nitalisema jambo moja mpaka mnichoke: injini yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Pesa na usingizi huliwa na giaboksi, waya, maji na karatasi.

Nimeachiwa Toyota DX, ile KE70, na marehemu baba. Marafiki wananiambia niweke 4A-GE ya valvu 20, mwingine anasisitiza injini ya Toyota Altezza. Nifuate nani? (Buruburu)

Pole kwa kufiwa na mzee. Kabla ya kumfuata yeyote, jiulize gari hili litakupeleka wapi.

Injini iliyomo, kwa kawaida 4K ya sisi (cc) 1,290, ina ndugu zake wakubwa: 5K ya sisi 1,486 na 7K ya 1,781, zilizokuwa zikifungwa kwenye vibasi vya LiteAce na TownAce. 5K inashika giaboksi yako ile ile, inakaa karibu kwenye mauntingi zile zile, na fundi yeyote wa mtaani anaijua. 7K ni ndefu kidogo kwenda juu, kwa hiyo pima nafasi ya boneti kabla ya kulipa. Najua hakuna anayepiga picha 5K na kuiweka mtandaoni. Lakini ukianza kazi na vipuri vyote mkononi, unaweza kuendesha gari wiki ileile.

4A-GE ya valvu 20 ni injini tamu, sikatai. Tatizo ni kwamba Toyota iliitengeneza ikae kikingamo kwenye Levin na Trueno za kuvuta kwa magurudumu ya mbele. DX yako inasukumwa na ya nyuma, kwa hiyo injini lazima igeuzwe ikae kwa urefu. Hapo distributa iliyo nyuma ya kichwa cha injini inagongana na ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu yako, na njia ya maji iliyo upande huohuo inabidi ihamishwe. Kisha unahitaji giaboksi ya T50 kutoka AE86, ile Corolla ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma, na hiyo utaigombania na watu wa rali.

Ya Altezza, 3S-GE, imeshakaa kwa urefu tangu kiwandani na inakuja na giaboksi yake ya gia sita. Ilitangazwa kwa nguvu za farasi 210. Difu yako ndogo (gia za ekseli ya nyuma) haikuumbwa kwa mzigo huo, propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) itatengenezwa upya, na sampu (beseni la oili chini ya injini) italazimisha kukata au kuhamisha vyuma vya chini. Breki za DX nazo hazitoshi hata kidogo.

Kwa gari la baba la kwenda kanisani na mara mojamoja Naivasha, mimi ningeweka 5K. Ukitaka moto kweli na una mfuko wa kuulisha, Altezza, maana inakuja na giaboksi yake. Ile ya valvu 20 ningewaachia wanaoishabikia.

Nanunua injini ya kutoka Japani pale Kirinyaga Road. Nichunguze nini? Muuzaji ana injini peke yake kwa bei nafuu, au nusu ya gari iliyokatwa kwa bei ya juu. (Kahawa West)

Lipa hiyo ya juu. Injini peke yake huwa nafuu siku ya kwanza tu. Ile nusu inakuja na giaboksi, kompyuta, waya ambazo hazijakatwa, sensa zote, alternata, mara nyingine hata rejeta na pedali. Kukusanya vitu hivyo kimoja kimoja Grogan (Kirinyaga Road hiyohiyo, wazee bado tunaita hivyo) kutakumaliza viatu. Na kama ni injini ya miaka ya karibuni yenye ufunguo wa chipu, usiondoke bila ufunguo pamoja na kompyuta yake, la sivyo itakataa kuwaka na hakuna spana ya kuibembeleza.

Izungushe kwa mkono kwenye puli ya mbele, ikikwama, aga. Fungua kifuniko cha oili: uji mweupe maana yake maji yameingia humo, ingawa utando mwembamba chini ya kifuniko unaweza kuwa unyevu tu. Toa plagi zote uzipange kwa mfuatano wa silinda, uone kama moja inasimulia hadithi tofauti na wenzake.

Halafu omba ipimwe kompresheni. Hapa wengi wa Nairobi huachana na injini nzuri bila sababu. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina shinikizo la takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Geji itasoma chini ya kiwango cha kitabu cha injini kwa kiasi hicho hicho: injini inayotakiwa kutoa psi 180 itatoa kama 147 na iko salama kabisa. Linganisha silinda kwa silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi na tano, muulize muuzaji bei ya chuma chakavu.

Na karatasi. Usisahau karatasi, nitazirudia hapa chini.

Je, naweza kuinua injini nyumbani kwa mnyororo nikiufunga kwenye boriti ya kibanda cha gari? Ni mbao nzuri. (Umoja)

Hapana.

Injini ya chuma ya silinda nne pamoja na giaboksi yake inafika kilo mia mbili kwa urahisi, na boriti ile ilipigwa misumari ibebe mabati. Kodisha winchi ya magurudumu, au tengenezewa miguu mitatu ya bomba nzito na mafundi wa Kariobangi Light Industries. Gari lisimame kwenye stendi za chuma, kamwe si kwenye jeki peke yake, wala kwenye matofali. Matofali hupasuka bila kukupa taarifa. Toa terminali ya betri kwanza, mwaga maji na oili kwenye beseni (mwenye nyumba atakushukuru), na kabla ya kufungua waya au mpira wowote, piga picha na ubandike lebo ya karatasi. Tena siku ya kuinua usiwe peke yako. Tafuta mtu mmoja wa kushika mnyororo na mwingine wa kuongoza, na watoto wawe ndani.

Nikibadilisha injini, logibuku (hati ya usajili wa gari) itakuwaje? Fundi wangu anasema hakuna anayeangalia. (Donholm)

Fundi wako hatakuwepo siku utakaposimamishwa. Namba ya injini iko kwenye logibuku pamoja na ile ya chasisi. Zikipishana na zilizo kwenye gari, wewe ndiwe wa kueleza kwamba injini si ya wizi.

Mabadiliko huombwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia akaunti yako ya eCitizen, na gari hupelekwa kukaguliwa. Kwa sisi wa Nairobi kituo kiko Likoni Road, Industrial Area. Utahitaji kuonyesha injini umeipata wapi, kwa hiyo risiti iwe na jina la duka, namba ya injini iliyoandikwa kamili, na nakala ya hati za forodha kama iliagizwa kutoka nje. Risiti ya karatasi ya daftari iliyoandikwa "injini moja" haitakufikisha mbali. Soma namba kwa macho yako kwenye bloku yenyewe, ilinganishe na risiti, kisha ndipo ulipe. Ukubwa wa injini na aina ya mafuta vikibadilika, navyo viandikwe.

Waandikie pia watu wa bima. Kama walikatia bima gari la sisi 1,300 na lililopata ajali ni la sisi 2,000, umewapa sababu ya kukataa kulipa.

Pikapu yangu ya Peugeot 504 nataka niiwekee injini ya dizeli ya Toyota, ile 3L au 5L. Mbona mafundi wawili wamekataa kazi? (Kikuyu)

Wamekataa kwa sababu wanaijua 504. Kwanza nikupongeze kwa kuitunza. Gari hili lilichukua Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na toleo lake la kupe la V6 likarudia 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Pikapu zake zimebeba majani chai, ng'ombe na wanakijiji wa nchi hii kwa miaka mingi.

Sasa lala chini ya gari uangalie. Huoni propela inayozunguka wazi kama ya Hilux. Ya 504 imefungwa ndani ya bomba nene la chuma, na bomba hilo limeshikana na giaboksi upande wa mbele na difu upande wa nyuma. Kazi yake haiishii kwenye kufunika shafti: ndilo linaloizuia ekseli ya nyuma isijipinde unapokanyaga mafuta au breki. Ukiweka giaboksi ya Toyota, bomba halina pa kushika. Ukilitoa, ekseli haina wa kuishikilia, na itabidi ubuni mikono mipya ya kuizuia, uichomelee kwenye chasisi, na uombe welda wako awe alilala vizuri usiku huo. Nimeona pikapu zilizofanyiwa hivyo. Moja ilikuwa nzuri sana, na mwenyewe alikuwa mhandisi.

Njia nyingine ni kubaki ndani ya ukoo. Injini ya petroli ya sisi 1,971 iliyofungwa kwenye 504 kubwa na 505 ni jamaa wa ile ya sisi 1,796, na Peugeot wenyewe waliuza 504 za dizeli, zikiwemo za sisi 2,304. Ukipata mojawapo iliyo nzima pamoja na giaboksi yake, bomba lako linabaki mahali pake na mafundi wale wawili watapokea simu zako. Dizeli hizo si za mbio, lakini pikapu ya Kikuyu inaharakia wapi?

Niliweka injini ya EFI (inayopuliziwa mafuta kwa kompyuta) mahali pa kabureta. Inaenda vizuri asubuhi, jioni kwenye foleni ya Thika Road joto linapanda na wakati mwingine inazimika. (Kasarani)

Hapo naona magonjwa mawili, yatenganishe.

Joto: feni ya mkanda huzunguka kwa kasi ya injini, na kwenye foleni injini iko sailensa (inazunguka polepole), kwa hiyo feni imelala. Weka feni ya umeme yenye swichi ya joto na rilei yake, na uifunge kasha linalofunika rejeta nzima ili hewa ipite ndani ya rejeta badala ya kuizunguka. Kisha angalia kifuniko cha rejeta. Katika mwinuko wetu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kifuniko kizima cha shinikizo la bar 0.9 ndicho kinachopandisha kiwango hicho kupita 110. Kikiwa kimechoka, maji yako yanachemka wakati geji bado haijakutisha. Rejeta ya zamani ya mistari miwili haitoshi kwa injini yenye nguvu maradufu, na maji ya bomba bila kulanti yanaila kutoka ndani.

Kuzimika: nashuku mafuta. Kabureta huridhika na pampu dhaifu. EFI inataka shinikizo la karibu bar 3, mipira iliyotengenezwa kwa shinikizo hilo, na njia ya kurudisha mafuta tangini. Kama fundi alitumia mipira ya zamani, ibadilishe leo hii. Ikipasuka karibu na ekzosi hutakuwa na muda wa kuniandikia tena. Na tangi la zamani halina vizuizi vya ndani, kwa hiyo likiwa robo, pampu inavuta hewa kwenye kona. Kitangi kidogo cha akiba kati ya pampu mbili humaliza tatizo.

Faida yako ni kwamba EFI hujirekebishia mwinuko. Kabureta iliyosetiwa Mombasa ikifika hapa hunywa mafuta kupita hewa iliyopo.

Land Rover Series III, injini ya petroli 2.25 imekufa. Dizeli gani? (Lang'ata)

200Tdi, dizeli ya Land Rover wenyewe. Inashika giaboksi yako bila kutengenezewa bamba la kuunganishia. Ya Defender hukaa kirahisi. Ya Discovery tabo yake (tabochaja) iko chini, utalazimika kutengenezewa bomba la ekzosi na kuhangaika na mauntingi. Difu zako za uwiano wa 4.7 zitaifanya ipige kelele kwenye barabara ya Nakuru, kwa hiyo weka kando pesa za difu za 3.54 au ovadraivu (gia ya ziada ya mwendo kasi). Ya 300Tdi iache, ina mambo yake.

Injini ya zamani niiuze chuma chakavu? (South B)

Usiuze, hasa kama namba yake ndiyo iliyokuwa kwenye logibuku tangu gari lilipoingia nchini. Siku ukitaka kuuza gari, au kulipeleka Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, injini ya asili ni pesa. Mimina vijiko viwili vya oili kila silinda, izungushe, rudisha plagi, ziba matundu yote kwa vitambaa na mkanda, ilaze juu ya tairi kuukuu na uifunike. Andika kwenye lebo tarehe na gari ilikotoka. Na kila baada ya miezi michache, ukipita hapo na spana, izungushe nusu mzunguko.